Kampasi kama maabara hai ya mboji: nani ataendeleza vipimo wanafunzi wakishahitimu?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu.

Nimeleta mada hii kwa sababu mazungumzo kuhusu vyuo vikuu na mboji yamekuwa yakizunguka palepale, kwenye mapipa ya rangi mbalimbali na namna ya kuchanganya majani makavu na mabaki ya jikoni, ilhali swali lililo gumu zaidi huachwa bila kuguswa. Kuanzisha lundo la mboji si kazi kubwa. Wanafunzi wachache wenye ari, uma za kugeuzia na kona ya bustani vinatosha, na ndani ya siku chache lundo lililochanganywa vizuri litakuwa limepanda joto kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Kazi kubwa ni kulifanya lundo hilo lidumu kama chombo cha utafiti baada ya wanafunzi hao kuhitimu, na kuufanya uongozi wa chuo ubadilishe maamuzi yake kutokana na kile ambacho lundo limeonyesha.

Nieleze kwanza ninachomaanisha ninaposema maabara hai. Ni chuo kinachozichunguza shughuli zake chenyewe za kila siku, yaani jiko, bustani, majengo, maji na taka, kwa mikono ya wanafunzi na wahadhiri wake, kisha kikayarudisha matokeo ya uchunguzi huo katika shughuli zilezile. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo vyuo vingi vinaitimiza. Sehemu ya pili ndiyo adimu: tasnifu inaandikwa, inasahihishwa, inawekwa maktabani, na mpishi mkuu hajapata kuiona wala msimamizi wa bustani hajaisikia. Mahali pa namna hiyo pana utafiti na pana mboji, lakini kimoja hakijui habari za mwenzake.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kuna mashamba ya majaribio yaitwayo Morrow Plots, yaliyoanzishwa mwaka 1876, na hadi leo yamo ndani ya kampasi. Maktaba ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ilipojengwa jirani nayo katika miaka ya 1960, ilichimbiwa chini ya ardhi ili jengo lisiyatie mashamba hayo kivuli. Nawaomba mlipime jambo hilo kwa uzito wake, kwa maana chuo kizima kilikubali kubadili mchoro wa jengo kubwa kwa ajili ya vipande vichache vya udongo vilivyokuwa vikipimwa tangu kabla ya wajenzi wenyewe kuzaliwa. Huko Indore, India, mtaalamu wa mimea Mwingereza Albert Howard na mwenzake Yeshwant Wad walifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa mimea kati ya 1924 na 1931, wakayachukua masalia ya shamba la taasisi hiyohiyo, wakayapanga kwa tabaka pamoja na samadi, wakayageuza kwa ratiba, na kutoka hapo ukapatikana utaratibu wa kutengeneza mboji ambao ulienea duniani kwa jina la mji huo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa karibuni. Chuo Kikuu cha California, Davis, kina shamba la majaribio ya muda mrefu liitwalo Russell Ranch, ambako mwaka 1993 walianza jaribio lililokusudiwa kuendelea kwa miaka 100. Baada ya miaka 19 watafiti walipima kaboni ya udongo hadi kina cha mita 2. Katika vipande vilivyopewa mboji pamoja na mimea ya kufunika udongo, kaboni ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 12.6. Katika vipande vilivyopandwa mimea ya kufunika udongo bila mboji, kaboni iliongezeka katika sentimita 30 za juu, lakini chini yake ilipungua kiasi cha kulifuta ongezeko lote la juu na kuacha hasara. Mtu aliyepima tabaka la juu peke yake angetangaza ushindi, na mtu aliyepima kwa miaka 3 huenda asingeona chochote, kwa sababu kaboni ya udongo hubadilika polepole na hutofautiana sana kutoka hatua moja ya mguu hadi nyingine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Udongo unahitaji miongo, na mwanafunzi anakaa chuoni miaka mitatu au minne. Tukiuacha mradi wa mboji uwe mali ya kikundi cha wanafunzi peke yao, tunaukabidhi kwa watu ambao lazima waondoke, na wakiondoka huondoka na nywila ya faili la takwimu, na kumbukumbu ya mahali sampuli zilipochukuliwa, na sababu iliyofanya kipande fulani kisiguswe. Kwa hiyo nasema kwamba kiini cha maabara hai ni vitu ambavyo havina mvuto wa kupigwa picha: mtumishi wa kudumu ambaye jukumu hilo limeandikwa katika ajira yake, kipande cha ardhi kilichowekwa katika ramani rasmi ya chuo kwamba hakitajengwa, daftari la vipimo ambalo mfumo wake haubadilishwi kila anapokuja mratibu mpya, na kikao kinachojulikana ambamo matokeo yanasomwa mbele ya wale wenye mamlaka ya kununua, kupika na kulima.

Neno moja kuhusu urejeshaji, yaani kuurudishia udongo uhai wake. Chuo kinachopunguza taka zake kinafanya jambo jema, lakini bado kinahesabu madhara. Urejeshaji unadai kipimo kigumu zaidi, yaani kama udongo wa mahali hapo unanyonya maji ya mvua haraka kuliko ulivyokuwa, kama minyoo na wadudu wake wameongezeka, kama mizizi inashuka chini zaidi. Mambo hayo yanapimika kwa vifaa rahisi. Kipande cha bomba kilichopigiliwa ardhini, maji yaliyopimwa na saa ya mkononi vinatosha kupima kasi ya maji kuingia udongoni.

Karibuni tuijadili.

Jotomita

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa mada nzito. Ninakubaliana nawe kuhusu kudumu, lakini nadhani umeupita upande wa kitaalamu haraka mno. Malundo mengi ya vyuo hayafi kwa sababu ya wanafunzi kuhitimu. Yanakufa kwa sababu yananuka, majirani wanalalamika, na uongozi unaagiza yaondolewe. Mabaki ya jikoni ni maji matupu kwa kiasi kikubwa. Yakirundikwa yenyewe yanashikana, hewa haipiti, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanachukua nafasi. Ungetusaidia kama ungetuwekea hesabu ya mchanganyiko, kwa kuwa wengi wanasikia habari ya uwiano wa kaboni na nitrojeni wa 30 kwa 1, yaani kilo 30 za kaboni kwa kila kilo 1 ya nitrojeni, bila kujua namna ya kuufikia.

Mwanzisha uzi

Ndugu Jotomita, umesema kweli, na hesabu yenyewe ni somo zuri kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tuchukue kilo 100 za mabaki ya jikoni ambayo asilimia 75 yake ni maji. Zinabaki kilo 25 kavu. Tukichukulia kwamba kaboni ni asilimia 45 ya sehemu hiyo kavu na nitrojeni ni asilimia 3, tunapata kaboni kilo 11.25 na nitrojeni kilo 0.75, yaani uwiano wa 15 kwa 1, ambao ni wa chini mno, na nitrojeni inayozidi itatoroka hewani kama amonia, ambayo ndiyo harufu kali inayowasha pua. Sasa tuongeze kilo 50 za majani makavu yenye maji asilimia 15. Sehemu kavu ni kilo 42.5. Kaboni ikiwa asilimia 48 na nitrojeni asilimia 0.8, majani yanaleta kaboni kilo 20.4 na nitrojeni kilo 0.34. Jumla ni kaboni kilo 31.65 na nitrojeni kilo 1.09, sawa na uwiano wa 29 kwa 1. Maji ya mchanganyiko wote ni kilo 82.5 katika kilo 150, yaani asilimia 55, na kiwango kinachotafutwa ni kati ya asilimia 50 na 60. Kwa mchanganyiko mmoja tumeufikia uwiano na tumeufikia unyevu.

Kwa kuwa majani ni mepesi, kilo hizo 50 kwa ujazo huzidi kilo 100 za mabaki ya jikoni mara mbili au zaidi. Anayepima kwa ndoo akumbuke hilo. Vilevile maranda na vipande vya mbao vina kaboni nyingi, lakini sehemu kubwa yake vijidudu hawaifikii kwa urahisi, kwa hiyo faida yake ya kwanza ni kulipa lundo nafasi za hewa, na baadaye huchekechwa na kurudishwa katika lundo jipya.

Kuhusu joto, kanuni za Marekani za mwaka 1993 za tope la majitaka, ambazo watengenezaji wengi wa mboji wameziazima, zinataka nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 3 mfululizo katika chombo kilichofungwa au lundo lisilogeuzwa linalopulizwa hewa, na kwa siku 15 katika matuta ya wazi, yakigeuzwa mara 5 katika kipindi hicho. Kugeuza kunahitajika kwa sababu ngozi ya tuta haifiki joto hilo, na vimelea vya magonjwa hujificha humo. Joto likipita nyuzi 65 au 70 nalo ni tatizo, kwani linaanza kuwaua vijidudu tunaowategemea.

Hata hivyo, ndugu yangu, harufu ambayo imeua miradi mingi haikutokana na kukosekana kwa hesabu hii. Hesabu ilikuwapo mwaka wa kwanza. Likizo ndefu ilipofika, jiko liliendelea kuhudumia semina na mikutano, mabaki yakaendelea kuletwa, na hakukuwa na mtu wa kuleta majani makavu wala wa kugeuza. Majani hukusanywa kwa msimu ilhali mabaki ya jikoni huja kila siku, kwa hiyo lazima pawepo na ghala kavu la majani na mtu mwenye ufunguo wake. Tumerudi palepale kwenye kudumu.

Mkaguzi wa Mizani

Heshima kwenu nyote. Ninayo pingamizi ambayo ningependa ijibiwe kwa uzito.

Miradi hii karibu yote hujipima kwa tani za mabaki zilizogeuzwa kuwa mboji. Kila mwaka ripoti inatoka, tani zimeongezeka, watu wanapongezwa. Lakini tani zikiongezeka, maana yake ni kwamba chakula kingi zaidi kimetupwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, mikahawa na majumbani, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Chakula hicho kimelimwa, kimemwagiliwa, kimesafirishwa na kupikwa. Kukigeuza mboji kunaokoa sehemu ndogo sana ya gharama hiyo. Ndiyo maana katika ngazi zote za kushughulikia mabaki ya chakula nilizoziona, kuzuia upotevu kunawekwa juu kabisa, kisha kuwapatia watu kile kinachofaa kuliwa, kisha mifugo, na mboji inafuata baadaye.

Sasa nauliza: kikundi cha mboji ambacho sifa yake, na pengine hata fungu lake la fedha, vinategemea tani, kitapata wapi moyo wa kuliambia jiko lipike kidogo?

Mwanzisha uzi

Ndugu Mkaguzi, pingamizi yako naipokea yote, na naona inaiimarisha hoja ya maabara hai badala ya kuidhoofisha.

Lundo la mboji ndilo mahali pekee chuoni ambapo mabaki yote ya jiko yanapita mbele ya macho ya mtu. Yakienda dampo hayasemi kitu. Yakipimwa kwa mzani kabla ya kumwagwa, yakagawanywa katika yale yaliyoharibika ghalani, yale ya maandalizi kama maganda na mashina, yale yaliyopikwa yasipakuliwe, na yale yaliyorudi kwenye sahani, hapo chuo kinapata habari ambayo hakikuwa nayo. Mafungu hayo manne yana tiba nne tofauti. Yaliyoharibika ghalani yanamhusu mnunuzi, yaliyopikwa yasipakuliwe yanamhusu anayekadiria idadi ya walaji, na yaliyorudi kwenye sahani yanahusu ukubwa wa kipimo cha kupakulia au ladha ya chakula chenyewe. Maganda ndiyo yatakayobaki daima, na hayo ndiyo haki ya lundo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kipimo cha tani kifutwe katika ripoti za mafanikio. Pawe na gramu za mabaki kwa kila mlo uliopakuliwa, na mafanikio yawe ni kushuka kwake. Fedha za kuendesha kituo cha mboji zitengwe kwa mwaka bila kufungamanishwa na uzito, ili kituo kisiadhibiwe kwa kufanya kazi yake vizuri. Najua wahasibu watalipinga, kwa kuwa wamezoea kulipa kwa tani kama wanavyomlipa mkandarasi wa taka, lakini huo ndio uamuzi mmoja ambao naamini ungebadilisha mwelekeo wa miradi mingi kwa mkupuo.

Kuhusu methani, nieleze kidogo, kwa sababu wengine hudhani mboji haitoi gesi yoyote. Mabaki yakizikwa dampo bila hewa hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto angahewa takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Lundo lenye hewa hutoa zaidi kaboni dioksidi, na takriban nusu ya kaboni iliyoingia hutoka kwa njia hiyo. Lundo lililosongwa hutoa methani na gesi ya nitrasi oksaidi vilevile, ambayo nayo hupasha joto angahewa. Kwa hiyo anayejivunia kuokoa hali ya hewa aonyeshe kumbukumbu za hewa na joto za lundo lake.

Mshika Uma

Nawashukuru kwa kuniruhusu nichangie. Mimi si mhadhiri. Nimefanya kazi ya bustani katika taasisi ya elimu ya juu kwa muda mrefu, na mboji ya taasisi hiyo ilipita mikononi mwangu.

Naomba mjue kwamba asilimia kubwa ya kazi ya mboji ni kutoa vitu visivyotakiwa. Vijiko vya plastiki, vifuniko, vibandiko vidogo vya matunda, mifuko, na vyombo vilivyoandikwa kwamba vinaoza. Hivi vya mwisho ndivyo vilivyotutesa zaidi. Chombo kinachokidhi kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kimepimwa katika mazingira yenye joto kali la kituo kikubwa, na kinapewa majuma 12 kusambaratika. Lundo la bustani linalopoa baada ya majuma 3 halimfikishi popote anayekitegemea. Tulikuwa tukivikuta vizima wakati wa kuchekecha, na hakuna aliyetuuliza kabla ya mzabuni kupewa zabuni ya kuvileta. Kama kungekuwa na kikao hicho anachokisema mwanzisha uzi, mtu wa bustani akiwa na kiti ndani yake, vyombo hivyo visingenunuliwa, au vingenunuliwa vya kuoshwa.

Jambo la pili ni afya. Lundo kavu likigeuzwa hutoa vumbi lenye mbegu za kuvu, na mojawapo ni aspajilasi, ambayo ni hatari kwa mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu. Lundo linyunyiziwe maji kabla ya kugeuzwa, na anayegeuza apewe barakoa ya kufaa, si kitambaa. Nimeona wanafunzi wakipewa glavu na fulana za mradi, na watumishi wa bustani wanaogeuza lundo mwaka mzima wasipewe kitu. Maabara hai iwahesabu na hao kuwa watafiti, majina yao yaandikwe katika ripoti, kwa sababu wao ndio wanaoliona lundo kila siku.

Jotomita

Mshika Uma amegusa uchafu unaoonekana. Niongeze usioonekana.

Karibu na mwaka 2000, mboji iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman, iligundulika kuwa na mabaki ya pikloramu, dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Dawa za kundi hilo, pamoja na ndugu yake klopiralidi, zina tabia ya kupita katika nyasi zilizopuliziwa, zikapita tumboni mwa mnyama aliyelishwa nyasi hizo, zikatoka katika samadi na zikastahimili joto la lundo bila kuvunjika haraka. Baada ya hapo kiasi kidogo mno, kinachohesabiwa kwa sehemu chache katika kila sehemu bilioni moja, kinatosha kuyapinda majani ya maharage, njegere na nyanya. Mwaka 2002 jimbo la Washington liliwekea matumizi ya klopiralidi kwenye nyasi za bustani masharti makali kwa sababu ya mboji zilizochafuka.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni kwamba chuo kilikuwa na kituo cha mboji, na kilikuwa na wataalamu wa udongo na wa magugu ndani ya ua mmoja, kwa hiyo tatizo ambalo mkulima mmoja angelilaumu kwa mvua au mbegu mbaya likapata jina na sababu. Kipimo chake ni rahisi, na kila kampasi inaweza kukifanya kabla ya kugawa mboji: panda maharage katika vyungu kadhaa vyenye mchanganyiko wa mboji na udongo safi, na vingine vyenye udongo safi peke yake, uvitunze sawasawa kwa majuma 3, kisha uyalinganishe majani mapya. Yakijikunja kama kikombe, mboji hiyo isitoke.

Mwalimu wa Takwimu

Ndugu zangu, ninaongeza machache kutoka upande wa ufundishaji, kwa kuwa nimesimamia miradi ya wanafunzi ya aina hii.

Kasoro inayojirudia ni kuweka mboji kwanza na kufikiria kipimo baadaye. Mwanafunzi anamwaga mboji kwenye bustani nzima, muhula unaofuata anachukua sampuli, anakuta udongo una rutuba, lakini hana cha kulinganisha nacho. Sampuli za mwanzo zichukuliwe kabla ya koleo la kwanza. Vipande visivyopewa mboji viwepo, marudio yawepo, yaani kila jambo lijaribiwe katika vipande kadhaa, na kipande gani kipewe nini kiamuliwe kwa bahati nasibu, si kwa kuchagua kilicho karibu na bomba. Misingi hii mwanatakwimu R. A. Fisher aliijenga kutokana na majaribio ya mashambani katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikofanya kazi kuanzia mwaka 1919, kwa hiyo ni haki kabisa kuifundisha mashambani. Anayepima kaboni apime pia uzito wa udongo kwa ujazo, kwa sababu mboji huulegeza udongo, na asilimia peke yake itamdanganya.

Suala la mwanafunzi kuondoka lina dawa ya kimuundo. Badala ya kila mwanafunzi kubuni mradi wake, chuo kiwe na maswali ya kudumu, na kila kundi lipewe kipande cha muda. Kundi la mwaka huu linarudia vipimo vya msingi kwa utaratibu uleule, kama sehemu ya kozi yenye alama, kisha linaongeza swali moja dogo la kwake. Alama ya kwanza itolewe kwa kuweza kurudia kipimo cha kundi lililopita na kupata jibu linalokaribiana nalo. Wanafunzi hawalipendi sana zoezi hilo mwanzoni, ila hujifunza humo kuliko katika maabara ambayo jibu lake limeshaandikwa kitabuni.

Angalizo moja la maadili: tunapochunguza namna watu wanavyotupa taka mapipani, tunawachunguza watu. Ridhaa na faragha zizingatiwe kama katika utafiti mwingine wowote.

Mwanzisha uzi

Nimefurahi sana kwa michango hii, na wa Mshika Uma nimeusoma zaidi ya mara moja. Pendekezo la majina ya watumishi wa bustani kuandikwa katika ripoti nitalibeba kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya jambo hili.

Limebaki jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni mahali mboji inapokwenda. Vituo vingi huimwaga yote katika kitalu kilekile cha mboga kilicho mbele ya wageni. Mboji huachia nitrojeni yake polepole, sehemu ndogo tu katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo anayetaka kuikidhi mboga kwa nitrojeni ya mboji peke yake hulazimika kuweka nyingi. Fosforasi nayo inaingia kwa wingi huohuo, na mimea haiitumii yote. Miaka ikipita inarundikana, mvua inaisomba, inafika mabwawani na kukuza mwani. Chuo kinachodai kurejesha uhai kinaweza hivyo kuchafua maji ya jirani yake kwa kitu kizuri kilichowekwa kupita kiasi. Fosforasi na chumvi za udongo zipimwe kila mwaka, na mboji ipelekwe mahali penye njaa kweli: udongo ulioshindiliwa na mitambo ya ujenzi, miteremko iliyomomonyoka, na mashimo ya miti michanga kandokando ya maegesho. Huko ndiko tofauti itakapoonekana katika kasi ya maji kuingia ardhini, na ndiko ambako chuo huwa hakina mpango wowote.

Kwa aliyeniandikia faraghani akiuliza aanzie wapi ikiwa chuo chake hakijatenga ardhi wala fedha, nadhani aanze na mzani. Aombe ruhusa ya jiko kupima mabaki kwa mafungu manne niliyoyataja, kwa majuma mawili katika muhula wa kawaida na mawili wakati wa likizo, na ayapeleke matokeo kwa msimamizi wa jiko kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote, kwa kuwa msimamizi akiyasoma kwanza mbele ya wakubwa wake atajiona anashtakiwa. Wakati huohuo atembee na msimamizi wa bustani, wahesabu majani makavu yanapatikana miezi gani na yanaenda wapi sasa. Akiwa na takwimu hizo mbili anaweza kufanya hesabu niliyoiweka hapo juu kwa kiwango cha chuo kizima, na ajue kama kinachokosekana ni majani, ghala, au mtu wa kugeuza wakati wa likizo. Ombi la ardhi lifuate baada ya hapo, likiwa na saini ya msimamizi wa jiko na ya msimamizi wa bustani pamoja na ya mhadhiri mmoja aliye tayari kuliingiza katika kozi yake.